Washauri wa Dobi

Benchi lenyewe lilikuwa la mbao ngumu, refu, limeegemezwa ukutani nje ya duka la Dobi, chini kidogo ya dirisha la kupokelea nguo. Tangu saa mbili asubuhi dirisha halikuwa limepokea hata soksi, ila benchi lilikuwa limejaa. Mwanzo wa benchi alikaa Semina, bwana aliyehudhuria kila semina ya biashara iliyowahi kutangazwa, mwenye vyeti kumi na kitu na biashara hana. Kando yake Meneja, aliyewahi kuwa meneja wa duka la vipuri kwa siku kumi na moja, cheo kikamganda mpaka leo. Mbele yao, juu ya kigoda, Breki na birika lake la kahawa. Huyu aliendesha lori miaka ishirini na mbili, macho yakamwambia inatosha, akaanza kuuza kahawa. Dobi mwenyewe alikaa mwisho wa benchi, upande unaoiona barabara vizuri, maana siku hizi kazi yake kubwa ilikuwa kuliangalia duka la ng'ambo. Na wivu, ndugu yangu, usiudharau. Ni kazi ya kutwa, haina mapumziko wala likizo.

Duka la ng'ambo lilikuwa la Povu. Jina hilo Dobi ndiye aliyempa, enzi akimfundisha kazi, kwa sababu alikuwa akimimina sabuni kama anazima moto. Alimpokea hajui pamba wala nailoni. Alimfundisha kutoa kutu, kutoa wino, kutia wanga kwenye kola. Miaka minne. Halafu mtu huyo akasema asante mwalimu wangu, akavuka barabara na kufungua duka lake palepale, machoni pa mwalimu, na wateja wakavuka naye.

— Huyo wa tisa, Dobi akasema. Wa tisa tangu nikae. Na kabeba blanketi.

— Usihesabu, mzee, Semina akamwambia. Kuhesabu mbuzi wa mwenzako hakujazi zizi lako.

— Methali hiyo ipo?

— Kuanzia leo ipo.

Lakini Dobi hakuwa akihesabu kwa starehe. Asubuhi ile, wakati wa chai, mkewe alikuwa amemwekea jambo mezani kama mtu anayeweka sahani.

— Baba Watoto, Povu ameniomba nikampigie pasi. Nimemwambia nitamjibu leo saa sita. Akiingia mteja hapa kabla ya hapo, hata mmoja, hata na leso, nabaki. Asipoingia, nabeba pasi yangu.

Na pasi kweli ilikuwa yake. Alikuja nayo siku ya kuolewa, zawadi ya shangazi yake, nzito, inashika moto vizuri. Dobi alijua, ingawa hakupata kulitamka, kwamba duka lile lilisimama kwa pasi ile. Kufua kila mtu anafua, hata mvua inafua. Ila mstari wa suruali aliouweka mke wa Dobi ungeweza kukata karatasi.

Sasa Dobi alikuwa mtu asiyekaa na jambo. Likimwingia sikioni saa moja, saa mbili liko benchini. Kwa hiyo Breki hakuwa amemaliza hata kusuza vikombe, wote wakawa wameshajua habari ya mke, pasi na saa sita. Na marafiki zake, watu wema, wakakunja mikono ya mashati wakaamua kumwokoa.

— Tatizo lako ni soko, Semina akaanza. Mimi nimefundishwa, cheti ninacho. Biashara ina nguzo saba. Nguzo ya nne ni rangi.

— Tuanze ya kwanza, Meneja akasema.

— Ya kwanza mpaka ya tatu nilikuwa nimeenda kuchukua chai. Tusipoteze muda. Angalieni duka la Povu. Rangi gani?

— Buluu, wakasema.

— Buluu ni maji. Mtu anapita na zake, anaona buluu, kichwani anawaza maji, akiwaza maji anajiona mchafu. Kabla hajajua, miguu imeshampeleka. Wewe duka lako rangi gani?

Dobi akageuka kulitazama duka lake kana kwamba hajawahi kuliona.

— Lilikuwa la njano.

— Unaona. Mtu akiona njano anawaza homa.

— Mimi simpakii mtu rangi, Dobi akasema kwa hasira. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kazi yangu inajulikana.

— Sasa kama chema chajiuza, Breki akauliza akimimina kahawa, hiki chako kimelala wapi?

Wa kumi alikuwa anaingia kwa Povu, mzee mmoja mwenye kanzu tatu begani. Kanzu zile Dobi alizijua moja moja. Alizifua miaka sita. Akahisi kitu kinamkwangua kifuani, si maumivu hasa, ni kama kola iliyotiwa wanga kupita kiasi.

— Ngoja niwaambie, Meneja akasema. Rangi ni urembo tu. Siri ni uongozi. Mimi nikiwa meneja...

— Siku kumi na moja.

— Siku kumi na moja za kazi, bila kuhesabu Jumapili. Nikiwa meneja niligundua kwamba mteja hataki upole, anataka utaratibu. Povu ukimpelekea nguo haandiki jina lako. Anakupa namba. Nguo ina namba, wewe una namba, basi. Mtu akipewa namba ananyenyekea. Anajiona yuko ofisini kwa mkubwa. Na nguo zikiwa tayari anakukabidhi zimefungwa ndani ya karatasi ya kaki, na uzi juu.

— Karatasi ya nini? Dobi akauliza. Mimi mtu nampa nguo yake mkononi, nimeikunjua, watu wote waone ilivyotakata. Jina lake naliita kwa sauti mpaka kule kona. Huo ndio utangazaji. Anayeficha kazi yake ndani ya karatasi, kuna anachoficha.

— Hapo umesema, Breki akadakia. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndani ya karatasi ile kuna kitu. Unafungua nyumbani, harufu inakupanda, kesho unajikuta uko mlangoni kwake na nguo ambayo hata hujaivaa.

— Mimi shati langu limewahi... Semina akaanza, kisha akanywa kahawa.

— Shati lako limewahi nini?

— Limewahi kuwa na harufu. Kawaida. Jasho.

Dobi hakumfuatilia. Macho yalikuwa ng'ambo. Povu alikuwa ametoka nje kumsindikiza mzee wa kanzu, amemshika mkono mpaka kwenye ukingo wa barabara, akasimama pale mpaka alipoona ametembea salama. Hana hata mvi moja, mwanaharamu yule. Na viatu vyake vilikuwa vipya.

— Yote hayo ni madogo, Breki akasema, akishusha sauti. Nyinyi hamjui mambo ya barabara. Mnaliona lile dimbwi pale kona?

Wakalitazama. Lilikuwa dimbwi la kawaida, la rangi ya chai ya maziwa.

— Mwaka jana halikuwepo. Mimi nimekanyaga madimbwi miaka ishirini na mbili, dimbwi la Mungu nalijua na dimbwi la mtu nalijua. La Mungu lina kingo mbovumbovu. Lile limechongwa.

— Na nani?

— Nani anafaidika? Jiulize. Gari likipita, watu watatu wamechafuka. Mbele yao kuna nini? Duka la buluu.

— Hiyo ipo kwenye mafunzo, Semina akasema, amefurahi mno. Inaitwa kuumba uhitaji. Huna mteja, unamuumba.

— Madereva anawalipa, Breki akaendelea. Haiwezekani wote wapite upande ule ule.

— Wanapita upande ule kwa sababu ndio upande wa magari, Meneja akasema.

— Ndivyo anavyotaka uamini.

Meneja naye, asiyetaka kupitwa, akakumbuka kwamba siku hizi kwenye sherehe watu wanamwagiwa michuzi kuliko zamani. Kila sherehe lazima awepo mtu mmoja mgeni, hajulikani upande wa bwana wala wa bibi, anayepita na bakuli huku anayumba. Semina akauliza ni nani basi aliyeuleta mtaani mtindo wa suruali nyeupe. Wakatazamana. Breki akasema suruali nyeupe zilianza mwezi uleule Povu alipofungua. Hapo hata wao wakaogopa ukubwa wa jambo walilolifichua.

— Mwenda pole hajikwai, Semina akahitimisha. Ndiyo maana inabidi tukimbie.

Dobi alikuwa amezisikia zote, na zote zilimwingia, kwa sababu mtu mwenye wivu tumbo lake halichagui chakula. Lakini lake la moyoni lilikuwa jingine.

— Mimi nitawaambia kinachoniuma. Mbona amemtaka mke wangu? Wapiga pasi wamejaa. Kwa nini yeye? Halafu mmeshamsikia anavyomwita? Mama. Mama shikamoo, mama za asubuhi. Mwanamume anayemwita mke wa mtu mama, ana lake.

— Alimwita mama tangu akiwa mwanafunzi wako, Meneja akasema. Alikuwa anakula kwako. Ulitaka amwite nani?

— Amwite shemeji.

— Angemwita shemeji ndio ungelala?

Dobi akaona aibu, na akiona aibu alikuwa na dawa yake: kuonyesha ustadi. Akaegemea ukuta, akakunja nne.

— Yule hata doa hajui kulisoma. Mimi doa linazungumza na mimi. Mwalimu mkuu wa shule ya pale juu, mnamwona na ndevu zake nyeusi? Kola ikaniambia. Rangi tupu. Anapaka kila Alhamisi. Na bwana wa duka la vioo? Shati lake lina poda begani, na mkewe poda hapaki, nimemuuliza. Karani wa mahakama, yule mkali, foronya zake zimejaa machozi na wanja. Wanja wa nani, anaishi peke yake? Ni wake.

Wakacheka. Semina alicheka mpaka akashika mbavu, Breki akapiga paja. Meneja alicheka kidogo tu, akitazama ndani ya kikombe. Ndani ya duka, mkewe Dobi alikuwa akikunja mashuka ya nyumbani kwake mwenyewe kwa kukosa ya watu, na yeye hakucheka.

Saa tano ikapita. Wa kumi na mbili akaingia kwa Povu, halafu wa kumi na tatu, dada wawili wakasimama nje wakingoja nafasi. Kungoja nafasi. Kwa dobi. Dobi aliinuka akaketi, akainuka tena, akaja kukaa katikati ya Semina na Meneja.

— Sasa tutende, Meneja akasema. Watu hufuata watu. Ukiona foleni unajiunga kwanza, halafu unauliza inahusu nini. Tufanye sisi ndio wateja. Nitaingia, nitoke, niingie tena, wapita njia wanione.

— Utaingia na nini?

Meneja akajitazama. Kisha akanyoosha mkono dirishani, akavuta pazia, likakatika na kamba yake. Akalikunja kwapani akaingia mlangoni kwa mwendo wa mtu mwenye nguo nyingi. Akatoka. Akaingia tena, safari hii akilalamika kwa sauti kwamba duka hili lina watu wengi. Mara ya tatu sauti ya mwanamke ikasikika kutoka ndani, bila haraka.

— Shemeji, pazia hilo ni langu. Halihesabiwi. Na ukitoka ulirudishe lilipokuwa.

Meneja akalirudisha. Lilining'inia upande mmoja.

Ilikuwa imebaki robo saa hivi. Dobi alianza kumwona mkewe kule ng'ambo, nyuma ya meza ya Povu, mvuke unampanda usoni, wateja wanamsifu, Povu anamletea maji ya kunywa, mama pumzika kidogo. Akaona na yeye amekaa hapa, benchi lilelile, anahesabu. Angeingia ndani akamwambia mkewe usiende, nakuomba. Maneno mawili tu. Lakini marafiki walikuwa wanamtazama, na mwanamume hawezi kuomba huku anatazamwa.

Hapo ndipo yule mama alipotokea.

Alikuwa mtu mzima, mnene, kavaa miwani, na amebeba furushi la mashuka meupe kubwa kama godoro la mtoto. Alilishusha mbele ya benchi akafuta uso.

— Habari za hapa, ndugu zangu.

— Njema, karibu, wakajibu wote kwa pamoja, na Breki akamimina kikombe ambacho hakikuombwa.

— Nimefungua nyumba ya wageni hapo nyuma ya uwanja. Vyumba kumi na viwili. Natafuta dobi wa kudumu, wa mashuka na mataulo, kila siku. Nimeambiwa mtaa huu wapo wawili. Huyu ni mmoja?

Semina alimpiga Dobi kiwiko. Meneja alimpiga kiwiko upande wa pili. Ndani, sauti ya kukunja mashuka ikakoma. Dobi alisimama, furaha ikampanda kichwani kama kahawa ya tumbo tupu.

— Ndimi mwenyewe, mama. Umefika. Miaka kumi na tisa kazini. Yule wa ng'ambo nimemfundisha mimi.

— Unaziweza nguo nyeupe?

— Nyeupe? Mama, mimi shuka likifika mkononi mwangu halifichi kitu. Najua nani kalala, kalala vipi, kalala na nani. Nyumba ya wageni niliyoifulia zamani, ile iliyofungwa, ningekuambia mambo yake ungekaa chini. Kulikuwa na mheshimiwa mmoja, kila Jumatano...

Mama yule alikuwa anasikiliza. Hakukunja uso, hakuonyesha chochote. Alimwacha amalize habari ya mheshimiwa wa Jumatano, mpaka rangi ya mdomo iliyokuwa kwenye foronya. Kisha akamtazama Semina, akamtazama Meneja, akamtazama Breki. Mashati yao matatu yalikuwa safi, yamenyooka, kola zimesimama. Akawauliza kwa upole, kama mtu yeyote anavyouliza kabla ya kununua:

— Na nyinyi jirani zake, nguo zenu anafua yeye?

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja. Semina akafungua mdomo, akaufunga. Meneja akaanza kutafuta kitu mfukoni. Breki akazidi kumimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa, ikamwagikia vidole.

Dobi alikuwa anatabasamu, anangoja. Aliwatazama mmoja mmoja ili wamsaidie. Tabasamu lilichukua muda kuondoka.

— Haya, asanteni, yule mama akasema. Akainama, akalinyanyua furushi lake, akatazama kushoto na kulia, akavuka.

Saa ya ndani ilikuwa bado haijagonga sita wakati mkewe Dobi alipotoka. Pasi alikuwa ameifunga kwa taulo, waya ameuzungusha vizuri. Alisimama mbele ya mumewe, si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

— Ulijua? Dobi akamuuliza.

— Nilijua. Nikienda kuteka maji naziona nguo zao kwenye kamba ya Povu, uani. Wanapitia mlango wa nyuma.

— Tangu lini?

— Tangu ulipoanza kusimulia madoa ya watu. Nani akuletee lake, Baba Watoto?

— Ungeniambia basi.

— Nilikuambia, mwaka jana. Nilikuambia chumbani, tena kwa kunong'ona. Asubuhi ukaja kuwasimulia hapa kwamba mke wako kakuambia una mdomo, mkacheka. Basi hili la hawa nikalinyamazia. Nilisema walau ubaki na watu wa kunywa nao kahawa.

Akaihamishia pasi mkono wa pili, kwa kuwa ilikuwa nzito, akangoja baiskeli moja ipite, akavuka barabara.

Benchini kahawa ilikuwepo bado, nusu birika, lakini hakuna aliyesogeza kikombe. Kwa kawaida saa hizi huwa wanaagana, mmoja ana mjukuu, mwingine ana mgonjwa wa kumtazama. Leo ilikuwa Jumamosi, na kila mmoja wa wale watatu alikuwa na nguo zilizokuwa tayari ng'ambo tangu asubuhi. Wakakaa hivyo hivyo juani, Dobi katikati yao, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama.